Jiwe Hunywa: Habari za Madrasa ya Amiriya na Ufundi wa Kuhifadhi Mawe

Watu wengi hudhani ya kuwa jiwe ni kitu kilichofungika, kisichoingiwa na kitu wala kubadilika. Mtu akitaka kutaja ukaidi husema fulani ana moyo wa jiwe. Lakini mwashi, ambaye siku zake zote huzipitisha na mawe mikononi mwake, ajua habari nyingine. Yeye ajua ya kuwa jiwe hunywa. Kahawa ikimwagika juu ya kizingiti cha marumaru asubuhi, ikaachwa mpaka alasiri, maji ya kuoshea yatapita na sabuni itapita, na doa litabaki pale pale. Kwa kuwa kahawa haiko tena juu ya jiwe, imo ndani yake.

Habari za namna wanadamu walivyojitahidi kulizuia jiwe lisinywe ni za kale, nazo zina mafunzo kwa kila jamaa iliyochanga fedha zake ikajenga msikiti, madrasa au birika la wakfu, ikatamani kazi hiyo iwafikie wajukuu. Katika habari hizo hakuna iliyo na mazingatio zaidi kuliko ile ya madrasa moja ya nchi ya Yemen, iliyokaa karne tano, ikakaribia kuanguka, ikaokolewa na ufundi ambao wenyewe ulikuwa umekaribia kufa.

TABIA YA MAWE

Kabla ya kufika Yemen, yafaa kwanza kuzijua tabia za mawe, kwa kuwa hayakuumbwa sawa. Jiwe la chokaa na marumaru ni ndugu wa nasaba moja: marumaru ni jiwe la chokaa lililopikwa na kukandamizwa ndani ya ardhi kwa muda mrefu mno, likawa gumu na kung'aa. Jiwe la matumbawe, ambalo watu wa pwani wamejengea tangu zamani, ni mifupa ya viumbe vya baharini, nalo limejaa vitundu. Granaiti, iliyotokana na mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, imebana zaidi. Hata hivyo nayo ina vitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho.

Vitundu hivyo ndivyo vinywa vya jiwe. Mafuta, chai, hina na kutu ya chuma huingia humo na kuacha rangi. Maji pia huingia, tena hayaji peke yake. Yale yapandayo kutoka ardhini huchukua chumvi; maji yakikauka, chumvi hubaki, hugeuka kuwa chembe ngumu, nazo hukua na kulisukuma jiwe kutoka ndani mpaka likatoka magamba.

Iko na dhara nyingine ambayo watu huichanganya na doa. Ndimu, siki na kila kitu chenye tindikali hulila jiwe la chokaa na marumaru, kikaacha alama iliyofifia, kana kwamba pale pamekwaruzwa. Alama hiyo si doa, bali ni jeraha: si kitu kilichoingia katika jiwe, ni sehemu ya jiwe iliyoondoka. Mwenye kutaka kuhifadhi mawe yampasa kuzijua tofauti hizi, maana dawa ya moja si dawa ya nyingine.

UFUNDI WA WATU WA KALE

Watu wa kale hawakuwa na elimu ya kupima vitundu, lakini walikuwa na macho na subira. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, ameeleza namna ya kulinda ukuta wenye rangi nyekundu. Nta iliyoyeyushwa na kuchanganywa na mafuta kidogo ilipakwa kwa brashi. Kisha ukuta ukapashwa moto kwa makaa yaliyowekwa katika chombo cha chuma mpaka nta ikatoka jasho na kusawazika. Mwisho ukasuguliwa kwa mshumaa na vitambaa safi. Akasema ya kuwa sanamu za marumaru nazo zilitunzwa kwa njia hiyo.

Katika nchi ya Maghribi, mafundi wa Marrakesh walishika njia nyingine. Chokaa cha huko hupakwa ukutani, kikasuguliwa kwa jiwe laini la mtoni mpaka kikabana, kisha kikapakwa sabuni nyeusi itokanayo na mafuta ya zeituni. Kazi hiyo huitwa tadelakt, na jina lenyewe latokana na kusugua. Sabuni ikikutana na chokaa, huzaliwa kitu cha tatu kisichoyeyuka katika maji, kikakaa katika vitundu na kuyafukuza maji. Ndiyo sababu kuta za hamamu na mabirika ya huko ziliweza kulowa kila siku bila kuharibika.

Ama watu wa Yemen, wao wana kadhadhi. Nchi yao ina milima ya moto iliyozimika, nayo ilimwaga kokoto nyepesi zenye vitundu. Kokoto hizo zikisagwa na kuchanganywa na chokaa kilichozimwa vyema, huzaa lipu ishikayo hata majini. Mabirika makubwa ya Aden, yaliyochongwa katika bonde la Tawila, yalipakwa lipu ya namna hiyo yenye majivu ya mlima wa moto ili yasivujishe maji ya mvua.

Kadhadhi si kazi ya siku moja. Hupakwa tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka hupigwapigwa kwa jiwe la mkononi, siku baada ya siku, huku ikinyunyiziwa maji ya chokaa, mpaka hewa yote itoke na nyufa zote zifunge. Kisha uso wake husuguliwa kwa jiwe laini mpaka ung'ae. Mwisho wa yote hupakwa shahamu ya mnyama. Hapa siri ya Yemen yakutana na siri ya Marrakesh: shahamu na chokaa hufanya kile kile kifanywacho na sabuni na chokaa, na maji yakianguka juu yake hujikusanya matone na kuteremka.

SULTANI AMIR NA MADRASA YAKE

Mwaka wa 910 wa Hijria, yaani 1504, Sultani Amir bin Abdul-Wahhab wa ukoo wa Tahir alijenga madrasa katika mji wa Radaa, kusini-mashariki ya Sanaa. Kwa jina lake ikaitwa Al-Amiriya. Ni jengo la ghorofa tatu, lenye ukumbi wa sala uliofunikwa kwa makuba sita makubwa, na kuta za ndani na dari zimejaa nakshi za rangi na maandishi mazuri. Juu na nje, jengo lote likavishwa lipu nyeupe, na mapaa na makuba yakakabidhiwa kwa kadhadhi.

Sultani hakuishi kuifaidi kazi yake kwa muda mrefu. Mwaka wa 1517 majeshi ya Wamamluki wa Misri, yenye bunduki, yalimshinda, naye akauawa karibu na Sanaa, na dola ya ukoo wake ikavunjika. Na katika mwaka ule ule Wamamluki wenyewe walinyang'anywa Misri na Waturuki. Hivyo ndivyo falme zipitavyo. Lakini madrasa ilibaki imesimama, haina mlinzi isipokuwa lile tabaka jembamba la chokaa, kokoto na shahamu lililokuwa juu yake.

Tabaka lile lilifanya kazi yake kwa muda mrefu mno. Hata hivyo hakuna ulinzi usiochoka. Kadhadhi yataka kutazamwa: ufa ukitokea uzibwe, na uso wake upakwe tena. Jengo la Radaa lilikosa wa kulitazama. Watawala waliofuata hawakuwa na mapenzi nalo; mvua zikapata njia, maji yakateremka katika kuta, nakshi zikafifia na sehemu za jengo zikalegea. Ilipofika miaka ya 1970, Al-Amiriya ilikuwa ikielekea kuwa magofu.

UFUNDI ULIOKARIBIA KUFA

Msiba mkubwa zaidi ulikuwa haupo katika jengo, bali katika mikono ya watu. Baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1962 milango ya Yemen ilifunguka, na saruji ikaingia. Saruji ni rahisi: huchanganywa asubuhi, jioni imeshika. Nani tena angekaa akiipiga lipu kwa jiwe majuma kadhaa? Mafundi wazee hawakupata kazi, na wasiopata kazi hawapati wanafunzi. Ufundi uliopita kutoka mkono hadi mkono kwa mamia ya miaka ukakaribia kukatika katika muda wa kizazi kimoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Selma Al-Radi, bibi mtaalamu wa mambo ya kale aliyetoka Iraki, alisimama kuiokoa madrasa hiyo pamoja na idara ya mambo ya kale ya Yemen, na msaada wa fedha ukaja kutoka serikali ya Yemen na ya Uholanzi. Aliona mapema ya kuwa saruji isingefaa. Saruji ni ngumu kuliko jengo lenyewe. Haipumui wala hainyumbuki, na maji yakinaswa nyuma yake hayana pa kutokea. Kilichotakiwa ni kadhadhi, na waliokuwa wakiijua vyema walikuwa wachache mno.

Hapo ndipo ulipoonekana umuhimu wa fundi mkuu Izzi Muhammad. Yeye na wenzake walikusanya walichokikumbuka wazee, wakajaribu vipimo vya chokaa na kokoto, wakakosea na kurudia, mpaka kadhadhi ikashika kama ilivyoshika zamani. Vijana walifundishwa kazini. Mapaa na makuba yakavishwa upya, na mafundi kutoka Italia wakasaidia katika kusafisha na kutengeneza nakshi za rangi. Kazi ilichukua zaidi ya miaka ishirini, ikamalizika mwaka wa 2005. Na mwaka wa 2007 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Ujenzi. Selma Al-Radi alifariki mwaka wa 2010. Aliacha jengo lililopona. Lakini aliacha na kitu kikubwa kuliko jengo, nacho ni watu wanaojua kulitunza.

MNARA WA MISRI NCHINI MAREKANI

Wakati Wayemen walikuwa bado wakipiga kadhadhi yao, nchi za Magharibi nazo zilikuwa zikitafuta dawa ya mawe. Jengo la Bunge la Uingereza, lililoanza kujengwa upya mwaka wa 1840 baada ya kuungua, lilianza kuchakaa mawe yake hata kabla halijakwisha, kwa ajili ya moshi wa makaa ya London. Dawa nyingi zilijaribiwa juu ya kuta zake. Mwaka wa 1861 mtaalamu wa kemia, August Wilhelm von Hofmann, alishauri itumiwe dawa ya maji yenye silika, yaani asili ile ile ya mchanga. Wakati ule shauri lake halikuleta faida kubwa, lakini mbegu yake iliota baadaye, kama itakavyoonekana.

Kisa cha pili ni cha mnara mmoja wa granaiti. Firauni Thutmose wa Tatu aliusimamisha Heliopolis, karibu na mahali ulipo mji wa Kairo leo, na Warumi wakauhamishia Iskandaria. Ulikuwa umeanguka Heliopolis na kulala karne nyingi katika ardhi yenye unyevu na chumvi. Mwaka wa 1881 ulisimamishwa katika bustani kubwa ya New York. Jiwe lililovumilia jua la Misri zaidi ya miaka elfu tatu halikuvumilia mvua na barafu ya Marekani. Likaanza kutoka magamba. Mwaka wa 1885 wakuu wa mji waliamuru lipashwe moto na kupakwa nta ya parafini iliyoyeyushwa, na katika kazi hiyo mamia ya ratili ya vipande vilivyolegea yaliondolewa.

Wataalamu waliokuja baadaye walieleza ya kuwa adui alikuwa amekwisha kuingia zamani, nayo ni ile chumvi iliyonywewa na jiwe lilipokuwa limelala Misri. Nta yaweza kuzuia maji mapya yasiingie, lakini haiwezi kutoa chumvi iliyokwisha kuingia. Anayelifunga jiwe lililo gonjwa huufungia ugonjwa ndani. Jiwe lisafishwe kwanza, likauke kwanza, ndipo lipakwe dawa.

PWANI YA WASWAHILI NA SARUJI

Yaliyotokea Yemen yametokea pia katika pwani ya Waswahili. Tangu Lamu hadi Unguja, tangu Kilwa hadi Kisiwa cha Msumbiji na Visiwa vya Ngazija, misikiti na nyumba za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Matumbawe yalichomwa juu ya marundo ya magogo, chokaa kikazimwa na kuachwa kikomae, kisha kikapakwa na kusuguliwa. Katika nyumba za Lamu na Pate lipu hiyo ilisuguliwa mpaka ikawa laini kama kauri, na vidaka vyake vyashangaza watu mpaka leo.

Lipu ya chokaa haikuwa pambo tu. Ilikuwa nguo ya ukuta: mvua ikinyesha ilizuia maji mengi yasipenye, na jua likitoka iliyaacha yale machache yaliyoingia yatoke kama mvuke. Saruji ilipokuja, wengi waliivua nguo hiyo kwa nia njema, wakaivika kuta za matumbawe koti gumu. Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mithali haikusema ya kuwa kila kitu chafaa kuzibia ufa. Unyevu wa ardhini na chumvi ya bahari vikanaswa nyuma ya saruji, na baada ya miaka koti likabanduka pamoja na ngozi ya jiwe. Kwa hiyo watengenezaji wa majengo ya kale wa siku hizi hurudi kwenye chokaa, nao hulazimika kuwatafuta wanaojua kukichoma na kukizima.

MARUMARU YA TAJ MAHAL

Baadhi ya watu huuliza: je, doa likiisha kuingia, laweza kutoka? Jibu laweza kuonekana Agra, nchini Bara Hindi. Shah Jahan alianza kumjengea marehemu mkewe, Mumtaz Mahal, kaburi la marumaru nyeupe ya Makrana mwaka wa 1632. Kwa moshi na vumbi la nyakati zetu, weupe wake ulianza kugeuka manjano na hudhurungi. Idara ya mambo ya kale ya India haikulivisha jengo koti la rangi. Ilitumia udongo laini wa Multani, ule ule ambao akina mama wa huko hujipaka usoni. Udongo uliolowanishwa hupakwa juu ya marumaru, ukaachwa ukauke na kuunyonya uchafu kutoka katika vitundu, kisha ukaoshwa kwa maji safi. Kazi hiyo imefanywa mara kadhaa tangu mwaka wa 1994.

Lakini kuosha peke yake hakutoshi ikiwa kinachochafua hakizuiwi. Tarehe 30 Desemba 1996 Mahkama Kuu ya India iliamuru viwanda vilivyokuwa vikichoma makaa ya mawe katika eneo la kuizunguka Agra vigeukie gesi au vihame. Hapo pana hekima: ulinzi wa kwanza wa jiwe ni kumwondolea adui yake, na dawa hufuata nyuma.

DAWA ZA SIKU HIZI

Dawa za kuhifadhi mawe ziuzwazo madukani leo ni za namna mbili. Namna ya kwanza hukaa juu ya jiwe kama ngozi, mfano wa nta na zile za asili ya plastiki. Hulipa jiwe mng'aro, lakini huchubuka kwa nyayo, na penye unyevu utokao chini hubabuka. Namna ya pili huingia ndani. Nyingi katika hizo huitwa silani na siloksani, nazo ni wa ukoo wa ile silika aliyoishauri Hofmann. Hazizibi kinywa cha jiwe. Huvipaka ndani vitundu vyake hata maji yasishike, na mvuke ukaendelea kutoka. Mwenye kuzitazama vyema ataona ya kuwa zarudia kwa njia nyingine kazi iliyofanywa na shahamu ya Radaa na sabuni ya Marrakesh.

Wenye kutunza sakafu za marumaru misikitini na mahali pa kutawadhia yafaa wakumbuke mambo haya. Kwanza, jaribio ni rahisi: tone la maji liwekwe juu ya jiwe kavu kwa dakika chache. Likibaki limesimama, ulinzi upo. Jiwe likigeuka rangi na kuwa jeusi, linakunywa. Pili, dawa ijaribiwe kwanza penye pembe isiyoonekana, na jiwe liwe safi na kavu kabisa kabla ya kupakwa. Itakayobaki juu ifutwe kabla haijakauka. Tatu, dawa haizuii jeraha la tindikali. Wale wasuguao marumaru kwa ndimu, siki au dawa kali za vyooni huila mali ya wakfu kidogo kidogo, hata kama imepakwa dawa iliyo ghali kuliko zote. Maji na sabuni isiyo kali hutosha. Nne, kilichomwagika kifutwe pale pale, kabla jiwe halijakinywa.

Na la tano ndilo kubwa: hakuna dawa ya mara moja na milele. Mapaa ya Radaa yalipakwa na mafundi hodari, kwa amri ya sultani mwenye nguvu, na bado yalishindwa pale walipokosekana watu wa kuyapanda na kuyatazama. Jengo la wakfu halihifadhiwi na kopo lililonunuliwa siku ya ufunguzi. Lahifadhiwa na mtu anayejulikana kwa jina, aliyekabidhiwa kazi ya kulitazama kila mwaka, na kijana aliye ubavuni mwake akijifunza. Sultani Amir alipata jina juu ya mlango. Waliolitunza jina hilo lisioshwe na mvua ni watu wa chokaa na jiwe la mkononi, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.